Maneno Aliyoyameza Chiriku

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alimpitia mama yake katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli. Mvuke ulitanda humo hata watu wakaonekana kama vivuli vinavyoelea. Mama, aliyekuwa mwalimu kwao kabla vita havijawafukuza, alisimama katikati ya ukungu ule akisukuma pasi kama mtu anayeota macho wazi.

Jina la Chiriku alipewa kwa uhodari wake wa kusema. Mwaka haukuisha tangu wafike ugenini, lugha ya wenyeji alikwishaishika barabara. Basi akawa ndiye mdomo wa mama yake, dukani na kwa mwenye nyumba. Lakini maneno mabaya aliyameza.

"Wakimbizi mmejaa kama sisimizi!" jirani aliwafokea siku moja kwenye ngazi.

"Anasemaje?" mama aliuliza.

"Anasema leo kuna joto."

Msimamizi wa kiwanda naye alipobwata, "Mwambie huyo mama yako mzito wa kichwa aongeze kasi!" Chiriku alisema, "Anakusifu kwa kazi, mama." Mama alitabasamu kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Hata hivyo, mama alizidi kunyauka. Chakula alikidonoa tu, usingizi ukampotea. Mara nyingine alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, asijue anaingia au anatoka. Siku moja alizama katika mawazo akipiga pasi, akazinduliwa na maumivu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeungua.

Katika zahanati, daktari, mwanamke wa makamo, alimfunga kidonda polepole. "Muulize mama, analala vizuri?"

Mama alitazama pazia jeupe likipanda na kushuka dirishani. Akasema kwa lugha yao, "Mwambie nahisi kama niko chini ya maji. Watu nawasikia kwa mbali. Asubuhi sioni sababu ya kuamka, ila wewe tu, mwanangu."

Chiriku aliwaza. Je, shuleni wakisikia, si watasema mama yake ni kichaa?

"Anasema analala vizuri. Pasi ndiyo ilikuwa moto mno."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama amesema kapu zima, wewe umeniletea konzi moja. Mengine umeyapeleka wapi?"

Chiriku akaangua kilio, akaeleza yote, ya mama, ya jirani na ya msimamizi. Daktari hakumkemea. Alimpigia simu mkalimani, mtu mzima aliyejua lugha yao, naye akamfikishia mama kila neno.

Mama alimvuta binti yake kifuani. "Tusi halihitaji mkalimani, mwanangu. Macho yao yaliniambia zamani. Nilijifanya nakuamini ili usiumie."

"Na mimi nilidanganya ili usiumie wewe!"

Wakatazamana, kicheko kikawatoka katikati ya machozi.

Tangu hapo mama alikutana na mshauri nasaha kila Jumanne, mkalimani akiwepo. Daktari alimwandikia barua mwenye kiwanda, na msimamizi yule akaonywa, akaufunga mdomo. Jirani hakubadilika, lakini mama alijifunza kumsalimu kwa lugha yake na kupita zake. Usingizi ulirudi kidogo kidogo, kama paka mwoga. Miezi mitatu baadaye mama alikuwa akiimba jikoni.

Walipomrudia daktari, alimwinamia Chiriku. "Moyo nao huugua kama mkono. Kufukuzwa kwenu, kisha kudharauliwa ugenini, ni jeraha, na mwenye jeraha hana aibu ya kubeba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukiona mtu wako anazama, mwambie mtu mzima ukweli, hata kama unauma."

Kisha akafungua mlango unaotazama uwanja, watoto wakipiga kelele huko.

"Mkalimani yupo. Mizigo ya wakubwa tuachie wakubwa. Wewe nenda kacheze."