Nilisema Yuko Kwenye Meli, Kumbe Yuko Majini

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Bungoma. Haya yalinipata ofisini Hurlingham, Nairobi, mchana kweupe, nikiwa nimeketi kwenye kiti changu.

Kampuni yetu ilitengeneza vifaa vidogo vinavyovaliwa kifuani na walinzi wanaokagua meli baharini. Vifaa vile vilipashana mawimbi ya redio vyenyewe, yakafika kwenye meli ya walinzi, kisha kwenye kompyuta yangu Nairobi. Kila mlinzi alikuwa nukta ya kijani kwenye skrini. Nukta moja ilikuwa mdogo wangu, Wafula. Kazi hiyo nilimtafutia mimi mwenyewe!

Tulipovijaribu niliona kasoro. Kifaa kikizama, mawimbi hukatika, lakini nukta haizimiki. Inabaki pale ilipoonekana mwisho... Nilimwambia bosi. Akasema, "Weka sahihi tu, hiyo tutarekebisha baadaye."

Nilikuwa natamani kupandishwa cheo. Nikaweka sahihi kwamba vifaa viko salama.

Wiki ya tatu vifaa vikitumika, simu ikaingia. Alikuwa nahodha wa meli ya walinzi. "Madam, Wafula hatumwoni. Kwa skrini yako yuko wapi?"

Nikatazama. Kasoro ile ilinijia akilini, nikaifukuza. "Yuko hapo kwenye meli mnayokagua, upande wa nyuma. Namwona."

Wakamtafuta kwenye makasha na vyumba vya chini karibu saa nzima. Kumbe aliteleza akishuka ngazi ya kamba! Ndugu yangu alikuwa majini akihangaika, nami namtazama akiwa kijani!

Halafu nikafanya baya zaidi. Wachunguzi walipokuja kesho yake, niliwaambia Wafula alikuwa na tabia ya kuvua kifaa chake. Nani angenipinga? Mama alilia kwamba mwanawe alikuwa mkaidi tangu utotoni. Mke wake, Nekesa, akamlaani mbele ya watoto kwa kuwaacha yatima kwa uzembe. Nami nikawaacha waamini hivyo...

Siku ya tano mwili ukapatikana. Kifaa kilikuwa kifuani, mikanda yote imekazwa.

Nekesa hufanya usafi katika hospitali moja Parklands. Nilimngoja langoni hadi akatoka, nikamweleza kila kitu. Hakunipiga, wala hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Dada, nimemtukana mume wangu siku hizi zote. Sasa nitamwomba msamaha wapi?"

Nikarudi nyumbani, nikawasha kompyuta.

Niliwaandikia wachunguzi ukweli. Vifaa vikaondolewa, nami nikaacha kazi. Tangu mazishi Nekesa hajanisemesha. Usingizini bado nasikia sauti yangu mwenyewe, tulivu kabisa, ikisema "Namwona"... na naamka nimelowa jasho.

Ndugu zangu wasomaji, ukiulizwa mtu yuko wapi na huna hakika, sema hujui! Ningesema "sijui" siku ile, wangegeuza meli mara moja wakamtafute majini. Ni neno dogo sana. Mimi nililionea aibu. Nawasihi, ninyi msilionee.