Nasike na Bustani Iliyofagiwa

Jogoo wa jirani alipowika, ufagio wa Nasike ulikuwa tayari kazini. Pale mtaani Matisi, mjini Kitale, mama yake alimwambia kila siku kwamba msichana hujulikana kwa uwanja wa kwao, naye Nasike, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alitaka ajulikane hadi ng'ambo ya barabara. Alifagia mbele, akafagia nyuma, akafagia hata sehemu ya jirani. Kuku akipita, nyayo zake zilifutwa kabla hajafika aendako.

Januari hiyo, mabomba yalipokauka, shangazi yake Phanice alikuja kutoka Malakisi, kule Bungoma. Kazi yake ilikuwa kutengeneza bustani za maua zisizohitaji maji mengi. Alichora duara kwa kijiti mbele ya nyumba, akapanda mishubiri mitatu na bogenvilia mbili nyekundu, kisha akachimba kamfereji ka kuleta maji yaliyosuuza nguo. Mwisho akatandaza mabua na magunzi ya mahindi juu ya udongo wote.

"Hii bustani nakuachia," alimwambia Nasike. "Ikiwa hai mkifunga shule Aprili, nitakuchukua twende Bungoma tupande bustani ya kanisa. Wewe ndiye utaichora."

Nasike alikuwa amejaza maua kwenye pembe za madaftari yake yote. Kuchora bustani ya kweli! Furaha ilimzidi hata akasahau kuuliza yale mabua yalikuwa ya nini.

Kesho yake, shangazi akiwa ameshaondoka, Mama Kagwe mwenye duka alichungulia uani.

"Nasike, si wewe ndiye bingwa wa kufagia? Ati siku hizi mnaweka takataka mlangoni?"

Maneno hayo yalimwingia Nasike kama mwiba. Kabla ya saa sita, mabua na magunzi yote yalikuwa yamefagiwa, yakarundikwa nyuma ya nyumba na kuchomwa moto. Bustani ikabaki safi kama sahani iliyolambwa.

Jua halikumpongeza. Udongo ulipasuka na bogenvilia zikapukutisha majani. Nasike aliingiwa na hofu, akaanza kumwaga maji ya kunywa kwa siri, asubuhi na jioni. Mishubiri, ambayo haipendi kulowa, ikaanza kuoza shinani. Bogenvilia zilikuwa upande wa jua, na huko maji hayakukaa. Zikabaki vijiti vitupu.

"Haya maji yanaenda wapi?" mama yake, Sellah, aliuliza akitikisa mtungi. "Ama tunafuga ngamia na sijui?"

Nasike aliinamia uji wake. Siku moja shangazi akapiga simu.

"Bustani iko aje?"

"Iko poa sana, anti. Imejaa maua."

"Basi Jumamosi nakuja kuiona."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilifika mwisho Jumamosi. Ijumaa baada ya shule, Nasike alinyemelea ua wa Mama Kagwe, akakata matawi ya bogenvilia yenye maua, akayachomeka katikati ya vile vijiti ili kuvificha. Kisha, kwa kuwa mazoea yana taabu, akafagia pande zote.

Phanice alipofika alisimama mbele ya bustani, mkono kidevuni.

"Nasike, mimi nilipanda nyekundu. Hizi ni za zambarau."

"Zilibadilika, anti. Labda ni baridi ya Kitale."

"Kweli Kitale kuna baridi," Phanice alikubali kwa upole. "Hebu niangalie moja."

Akavuta kwa vidole viwili. Tawi likatoka kama kijiko kwenye uji.

"Mbona haina mizizi?"

"Mizizi iko kwa hiyo ingine," Nasike alinong'ona.

Phanice akavuta na hiyo nyingine. Hapo ndipo Mama Kagwe alipoingia, mikono kiunoni.

"Sellah, kuna mbuzi imekula ua wangu." Akayaona matawi. "Kumbe mbuzi yenyewe inajua kupanda."

Nasike aliangua kilio. Alieleza yote: kufagia, kuchoma, maji, uongo. "Nilijua nikisema ukweli hutanichukua Bungoma," alisema kwa kwikwi.

"Kumbe ngamia ni wewe," mama yake akasema, nusu akicheka, nusu amekasirika.

Phanice alichuchumaa. "Mabua ni blanketi la udongo. Yanazuia jua lisinywe maji yetu. Hilo nilikosa kukueleza. Lakini uongo ni wako mwenyewe." Akakwaruza kijiti kimoja kwa kucha, ndani kilikuwa kibichi. "Hizi hazijafa. Ahadi yetu iko palepale, mpaka Aprili."

Alikata sehemu za mishubiri ambazo hazikuwa zimeoza ili zikauke kivulini kabla ya kupandwa tena. Nasike naye alimwomba Mama Kagwe msamaha, na magunzi pia, jambo lililomtoa jasho zaidi. Alipewa gunia zima. Akatandaza, kisha akapanga duara la mawe kuizunguka bustani, ili kila mpita njia ajue hapo si jalalani, na ufagio ujue mwisho wake. Mama Kagwe alilipenda duara hilo, akataka kama lile mbele ya duka lake.

Shule zilipofungwa Phanice alirudi. Bogenvilia zilikuwa zimechipua na moja ilikuwa na maua machache mekundu. Kabla hajaulizwa, Nasike alisema, "Mshubiri mmoja ulikufa, anti. Ulikuwa pale."

Phanice alitazama ile nafasi tupu, akatabasamu. "Ungeniambia yote ni mizima, ningeanza kuvuta moja moja nitafute mizizi. Sasa enda ufunge mkoba, gari la Bungoma halitungoji." Akamshika bega. "Na ukumbuke, mwanangu: udongo hufunikwa, lakini kosa hufunuliwa. Ukigeuza hayo mawili, vyote vinakauka."