Sentensi ya Uongo Haihesabiki

Duka la vitabu lilijaa watu mpaka mlangoni, maana shule zilikuwa zinafunguliwa. Msusi, katika blauzi ya njano iliyomkaa sawasawa, alipenya mpaka kwenye rafu akaishika kamusi ya Kiingereza iliyobaki. Upande wa pili ilikuwa imeshikwa na mwanamume mwenye ovaroli ya buluu.

"Samahani dada, nimeiona kwanza mimi."

"Basi macho yako yana mbio kuliko mkono, kaka, maana mimi nishaibeba."

Mwanamume akacheka, na kicheko hicho kikaharibu ugomvi mzuri. Alikuwa fundi friji, na mashine mpya zilikuwa zinamjia na maelekezo ya Kiingereza kitupu. Msusi alikuwa anaitaka kazi katika saluni ya hoteli kubwa, ambako mteja huanza Kiingereza kabla hajakaa kitini. Wakainunua kwa ushirika. Ingekaa wiki kwa huyu, wiki kwa yule, na mwenye zamu angemtumia mwenzake neno kila siku, na maana yake, na sentensi ya mfano.

"Ila sentensi iwe ya kweli," msusi alisema. "Jambo lako mwenyewe. Ya uongo haihesabiki, kwa sababu haikai kichwani."

"Sawa, mwalimu."

Basi simu zikaanza kulia. "Stubborn," fundi aliandika, "asiyegeuza nia. My customer's fridge is stubborn." Msusi akajibu kwamba yeye ana mteja mwenye nywele za namna hiyo hiyo. Zamu yake ilipofika akatuma: "Lonely, mpweke. On Sundays I am lonely." Jumapili iliyofuata hakuwa mpweke tena, wala zile zilizofuata. Fundi akawa Barafu, msusi akawa Kamusi.

"Barafu, umekula?"

"Sijala, Kamusi wangu. Nasubiri sauti yako ndiyo nishibe."

"Utakufa na njaa wewe."

Miezi ikapita hivyo, raha tupu. Kisha siku moja fundi akajikuta juu ya paa la kiwanda cha maziwa, vyumba vya baridi vimezima, meneja anafoka chini. Neno la siku alikuwa hajatuma. Akafungua kamusi popote, akanakili neno pamoja na mfano wake kama ulivyopigwa chapa, akatuma, akarudi kwenye spana zake.

"Fiancée, mwanamke aliyechumbiwa. My fiancée is choosing her wedding dress."

Msusi alisoma, akasoma tena. Mchumba wake anachagua gauni la harusi. Fundi hakuwahi kuivunja sheria ile hata mara moja, kwa hiyo hakukuwa na pa kukimbilia. Machozi yakamlengalenga. Simu ikalia jioni, hakupokea. Ikalia kesho yake, hakupokea.

"Mwanamume akutangazie harusi yake kwa simu," dada yake alisema, "tena kwa Kiingereza? Huyo hana hata haya."

Jumamosi, siku ya kukabidhiana kamusi, fundi alikuja saluni mwenyewe, shati jeupe limenyooshwa pasi, kamusi kwapani.

"Kamusi, nimekukosea nini?"

"Hongera. Gauni limepatikana?"

"Gauni gani?"

"La mchumba wako. Si uliandika mwenyewe?"

Fundi alikodoa macho, kisha akaelewa. Akafunua ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari. Sentensi ilikuwepo, neno kwa neno. Furaha ilimpanda msusi mpaka kitana kikamponyoka, lakini hasira nayo ilidai haki yake.

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Nilikuwa juu ya paa, maziwa ya watu yanaharibika. Nimekosa. Nisamehe."

"Sheria ni sheria. Neno lile lile, sentensi mpya."

Fundi akaifunga kamusi. Alimtazama machoni, na sauti ikamtetemeka kidogo.

"My fiancée is a hairdresser."

Mama mwenye saluni, aliyekuwa anajifanya kukunja taulo, akashindwa kuvumilia. "Kasema nini huyo? Tuambieni na sisi."

Msusi akamtafsiria. "Kasema mchumba wake ni msusi."

"Msusi yupi?"

Msusi alimgeukia fundi. "Hiyo nayo si kweli. Hujamchumbia mtu."

"Ndiyo namchumbia sasa hivi. Ukikubali itakuwa kweli. Ukikataa, naifuta."

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimesukwa nusu, akapumua kwa nguvu. "Mjibu basi mwanangu, shingo inaniuma."

Msusi aliinama akaokota kitana, akakifuta kwenye aproni taratibu, kama mtu mwenye muda wote wa dunia.

"Irudie," akasema.

Fundi akairudia, safari hii bila kutetemeka.

"Hiyo naihesabu."