Mikono ya Mfuko Mweusi

Kama huamini, usiamini, ila ukikosa usingizi usije kunigongea mlango.

Rafiki yangu Msumari, mpiga picha, alikwenda jangwani na kamera ya mjomba wake, ile ya mbao, kubwa kama kabati. Vumbi likiharibu picha, kazi hana. Upepo ulipochachamaa aliifunga kamera kwa plastiki, akajifungia garini na dereva wake. Hapo akatumbukiza mikono kwenye mfuko wa kubadilishia filamu, mweusi, wenye mikono kama ya shati. Mle ndani ni giza tupu hata mchana.

“Shemeji, umetiwa pingu?” dereva akamtania.

“Cheka tu. Brashi ya kufutia vumbi nimeisahau hapo mbele yako, na nikifungua mfuko, mwanga utaunguza filamu.”

Mchanga ulikuwa ukikwaruza vioo. Ghafla ukatulia. Wakasikia ndani ya mfuko brashi ikifuta filamu taratibu, swaa, swaa. Brashi ya Msumari ilikuwa bado mbele ya dereva.

Picha ilitoka safi kabisa, na mjomba akamsifu.

Haya, kuna kipande nimekiruka. Dereva nilikuwa mimi. Msumari alipochomoa mikono yake, ile ya mfuko haikunywea. Ilibaki imejaa mpaka kwenye viwiko.