Sufuria Niliyoimwaga Ijumaa

"Leo nakuchinja wewe!"

Kisu kilikuwa shingoni mwangu... na aliyekishika ni shemeji yangu Philemon, mchinjaji wetu!

Jamani, nawaandikia kwa mkono mmoja, huu mwingine umefungwa plasta. Nisikizeni.

Sisi ni Wayahudi, kajumuiya kadogo huku Malava. Ndiyo, tupo! Nyama hatuli hivi hivi. Lazima Philemon amchinje mnyama aliye hai, kwa kisu kisicho na pengo. Kilichojifia hatugusi.

Ijumaa hiyo alileta nyama, akasema ni mbuzi. Nikapika. Jioni mama mkwe wangu, Jescah, akawasha mishumaa, Sabato ikaingia. Watu wakaenda maombi.

Nyuma ya jiko nikaona gunia linavuja damu.

Nikalifungua...

Kichwa cha paa! Waya umezama shingoni hadi mfupani. Alama ya kisu? Hakuna.

Paa wa msitu wa Buyangu, hifadhi ambamo kuwinda ni jela, amenyongwa na mtego. Na watoto wetu walikuwa karibu kulishwa kibudu!

Nilipandwa na hasira. Nikabeba sufuria nzima, nikaimwaga chini.

Philemon akaingia mbio.

"Nasambu! Unamwaga chakula? Torati inakatazanga kuharibu!"

"Na msitu mnaoumaliza, Torati imeruhusu?"

"Paa ana kwato zilizopasuka, anacheua. Ni kosher, tunaruhusiwa!"

"Amekufa na waya, Philemon! Naenda kuwaambia watu wote."

"Unataka nifungwe?"

Hapo ndipo kisu kilipotoka.

Mlango ukafunguka. Makhanu, mume wangu! Nikashukuru Mungu.

"Baba Abigail, niokoe!"

Akaokota mchi... akaushusha juu ya mkono wangu. Kraa!

"Mitego ni yangu," akasema. "Ulishindwa kunyamaza?"

Nilianguka kwenye mchuzi nikipiga mayowe. Philemon akaniinamia, kisu kikapasua ngozi, damu ikanitiririka kifuani. Nilijua nimekufa.

"Halo, polisi? Njooni mbio! Wanangu wanaua mtu!"

Sote tuligeuka. Mama Jescah alikuwa mlangoni, simu sikioni. Mama yule yule ambaye siku ya Sabato hagusi hata swichi ya taa!

"Mama! Leo ni Sabato!" Makhanu akapayuka.

"Uhai unapita Sabato, mjinga wewe! Mwachilie mke wako!"

Akanyakua birika jikoni, akammwagia Philemon maji moto usoni. Kisu kikaanguka. Wanaume wakatoka maombini wakawafunga kamba wote wawili, hadi polisi walipofika.

Sasa wako rumande. Mama Jescah ndiye anayeninawisha na kunilisha. Juzi aliniambia, "Mwanangu, niliwafundisha kisu, sikuwafundisha huruma." Akalia, nami nikalia.

Funzo? Usiulize tu nyama imechinjwaje. Uliza imetoka wapi, na nani ameumia kabla haijafika sahani yako. Ukijua ukweli, sema, hata kama mkosaji unalala naye kitanda kimoja.

Nimepoteza mume kwa sababu ya paa mmoja, na sijuti! Wewe ungeimwaga ile sufuria, ama ungekula?