Swichi Moja, Majengo Mawili na Mjomba Wangu

“Dada… nime…”

Hakumaliza.

Nikageuka na kitana mkononi, nikamwona mdogo wangu kang’ang’ania bomba la kuoshea nywele. Macho yamemtoka, mwili mzima unatetemeka, sauti haitoki!

Mteja aliyekuwa kalaza kichwa kwenye sinki akaruka na povu lake kichwani.

“Umeme huo! Usimguse! Usimguseee!”

Swichi ya hita ya maji ilikuwa nyuma ya mdogo wangu, siifikii. Nikanyakua kigoda cha mbao, nikaupiga ule mkono. Haukuachia. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, huku nalia.

Ukaachia. Akadondoka sakafuni.

Jamani, mimi si mtu wa kuandika mambo ya familia huku mtandaoni. Kwetu ya ndani yanabaki ndani. Lakini hili limenikaba koo, na leo nalitapika lote. Asiyependa apite pembeni.

Mdogo wangu tunamwita Kitinda, kwa sababu ndiye wa mwisho kwa mama. Ni msusi. Tena si msusi wa kubahatisha, watu walikuwa wanatoka mbali kuja kumsubiri yeye, mimi mwenye saluni wananiruka kama sipo!

Hospitali wakaokoa maisha yake, namshukuru Mungu. Ila mkono wa kulia…

“Vidole viwili havitakunjika tena vizuri,” daktari akatuambia. “Mishipa imeungua.”

Kitinda hakulia. Alikuwa anaviangalia tu vile vidole, anajaribu kushika shuka, shuka inamponyoka. Mimi nikatoka nje nikalia kwa niaba yake.

Hapo ndipo akaingia Mjomba.

Mjomba huyu ni kaka yake mama, tumbo moja. Ndiye mwenye jengo nilipopanga saluni, na ana lingine mtaa wa nyuma. Wapangaji wanamwita Marumaru, maana nje kabandika marumaru zinang’aa mpaka unajiona meno, lakini ndani, weee, waya zinaning’inia kama tambi!

Akasimama kwenye kitanda cha Kitinda. Nikajua atasema pole.

“Huyu naye ana papara,” akasema. “Unashikaje bomba na mikono imelowa?”

Nikamtazama.

“Mjomba, bomba la maji linashikwaje na mikono mikavu?”

“Usinijibu hivyo! Jengo langu limekaguliwa juzi juzi tu likapita. Mwanamke mzima ulikuwepo, uliona kwa macho yako!”

Na kweli nilikuwepo. Lile jengo lina swichi moja kubwa, inakaa kwenye boksi la umeme chini ya ngazi. Kazi yake ni moja tu, umeme ukivuja mahali popote inakata yenyewe, pap, kabla haujakuua. Siku ya ukaguzi mkaguzi alibonyeza kakitufe ka kupimia, jengo zima likazima. Tukapiga makofi. Tukabandikiwa cheti ukutani.

Sasa mbona haikukata mdogo wangu alipokuwa anaungua?

Nilipotoka hospitali nikaenda moja kwa moja chini ya ngazi. Nikafungua boksi.

Swichi hakuna!

Pamebaki tundu. Waya zimeunganishwa moja kwa moja na kuzungushiwa tepu nyeusi, tena tepu yenyewe imeanza kubanduka.

Nikampigia Mjomba.

“Swichi iko wapi?”

“Ah… vibaka hao. Wameiba. Mimi mwenyewe ndiyo nasikia kwako.”

Nikamwamini. Ndiyo, nicheke tu! Ni mjomba wangu, alinibeba mgongoni nikiwa mdogo, nitamdhania nini?

Nikarudi kazini. Hita nikaing’oa, maji nikawa nachemsha jikoni kwangu, nabeba kwa ndoo. Siku moja akaja kusuka mke wa Fundi Tepu. Huyu Fundi Tepu ndiye anayemfanyia Mjomba kazi za umeme, na jina tulimpa sisi wapangaji, maana kwake kila ugonjwa dawa yake ni tepu.

Mke wake ana mdomo, Mungu amsamehe. Ukimshika kichwa tu, anafunguka.

“Shoga, mume wangu siku hizi simwoni,” akaanza. “Kuna jengo lingine la Marumaru linakaguliwa, basi anahangaika kuhamisha ile swichi.”

Mkono wangu ukasimama.

“Swichi gani?”

“Si ile ya kukata umeme. Wao wanaiita Msafiri!” Akacheka. “Iko moja tu. Mkaguzi akija huku, inaletwa huku. Akienda kule, inapelekwa kule. Akishaondoka, Marumaru anaichomoa anarudi nayo nyumbani kwake.”

“Nyumbani kwake inafanya nini?”

“Inalinda familia yake, inafanya nini tena? Nyumbani kwake haijawahi kukosekana, ila siku za wakaguzi tu… Aii! Shoga, mbona unanivuta hivyo?”

Nilikuwa nimeubana ule msuko mpaka nyusi zake zimepanda juu.

Mnaona wenyewe, wasomaji wangu? Anajua vizuri kabisa ile swichi inaokoa watu! Angekuwa hajui ningemhurumia. Anajua, ndiyo maana inalala kwake. Watoto wa dada yake wabaki na tepu.

Hasira iliyonipanda siku ile sijawahi kuiona. Nikaapa, mtu huyu nitamtia adabu mchana kweupe, watu wakitazama.

Nikaenda ofisi ya ukaguzi wa majengo. Nikampata mkaguzi, dada mmoja mkavu hacheki, viatu vizito, kofia ngumu kaiweka mezani. Nikamweleza kila kitu.

“Tukivamia tu, atasema imeibiwa,” akaniambia. “Utathibitishaje kwamba anaihamisha?”

“Mnatoa taarifa kabla ya kwenda?”

“Kwa kawaida ndiyo.”

“Basi mpeni taarifa. Mpeni taarifa nzuri kabisa. Mwambieni asubuhi mnakagua la mbele, mchana la nyuma.”

Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

“Wewe ni mbaya,” akasema.

“Bado hujaniona.”

Kumbe Mjomba alisikia nimeonekana ofisini kule, mpango wetu hakuujua, akakimbilia kwa mama. Niliporudi nyumbani nikamkuta mama kajifunga kanga kiunoni.

“Umeenda kumshtaki kaka yangu?”

“Mama, umeuona mkono wa Kitinda?”

“Nimeuona! Mimi ndiye ninayemlisha, nisiuone? Lakini huyu ndiye aliyewalipia shule baba yenu alipofariki. Haya mambo tuyamalize ndani.”

“Mama, mtu mwingine akifa tutamzika ndani pia?”

Akanigeuzia mgongo. Hatukusemeshana tena. Iliniuma kuliko maneno ya Mjomba, maana mimi na mama ni chanda na pete.

Siku ikafika.

Asubuhi Mjomba katinga suti. Fundi Tepu pembeni anajifuta jasho. Wapangaji wote wako nje, fundi cherehani, muuza viatu, mama wa chumba cha juu na mwanawe mgongoni.

Boksi likafunguliwa. Msafiri huyo hapo, ametulia kama hajatoka tangu azaliwe!

“Si uliniambia imeibiwa, Mjomba?” nikauliza.

“Nimenunua nyingine, mwanangu. Kwa ajili yenu.”

Mkaguzi akabonyeza kitufe. Pap! Jengo likazima.

Mjomba akafungua mikono kama mchungaji madhabahuni. Simu yake ikaita, akasogea pembeni kupokea, na Fundi Tepu akamfuata.

Mkaguzi akanitazama. Nikachomoa kichupa cha rangi ya kucha mfukoni, nyekundu ya damu ya mzee. Umeme ulikuwa bado umezimwa, na yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha pa kupaka, ubavuni chini, kwenye plastiki. Nikapaka doa moja. Nikapuliza likauke.

Mchana tukahamia jengo la nyuma. Safari hii mtaa mzima umekuja, kwa sababu mke wa Fundi Tepu hakuweza kunyamaza. Mama naye akaja, kanga begani, akasimama karibu na kaka yake. Hakuniangalia.

Boksi likafunguliwa. Swichi hiyo hapo.

Mkaguzi hakubonyeza kitu. Akainama, akamulika tochi.

“Hii ina doa jekundu,” akasema.

Mjomba akacheka. “Rangi ya kiwandani hiyo.”

“Ni ya kucha hiyo, Mjomba,” nikasema. Nikanyoosha vidole vyangu vyote watu waone. “Nimeipaka leo asubuhi, kule mbele. Imefikaje huku?”

Mtaa ukalipuka!

“Imepanda bodaboda!” fundi cherehani akapaza sauti.

Fundi Tepu akawa anarudi nyuma taratibu, mke wake akamdaka kola. “Wapi? Simama ueleze!”

Mjomba akaishiwa pozi. Suti yote ikalegea. Mkaguzi akavua kofia.

“Majengo yote mawili nayafungia umeme sasa hivi. Mmiliki atarekebisha kila kitu kwa fundi mwenye leseni, atagharamia matibabu ya aliyeumia, na atajibu mahakamani. Mmiliki ni nani?”

Nikamnyooshea kidole Mjomba. Nilikuwa natabasamu, sifichi. Nilikuwa nimeusubiri muda huo kama mtoto anavyosubiri sikukuu.

Lakini yeye naye akanyoosha kidole.

Kwa mama!

“Mimi ni msimamizi tu,” akasema. “Majengo ni ya dada yangu. Vibali vyote viko kwa jina lake. Kaulizeni ofisini kwenu.”

Mkaguzi akapiga simu. Akasikiliza. Akaitikia kwa kichwa polepole.

“Ni kweli. Huyu mjomba wako alishafungiwa kupewa vibali kwa makosa ya jengo lingine. Haya yote mawili yana jina la mama.”

Nilimtega nyani, nikamnasa mama yangu mzazi!

“Mama…”

“Aliniambia niweke sahihi,” mama akasema kwa sauti ndogo. “Akasema ni msaada wa ndugu.”

Mjomba alikuwa anaangalia viatu vyake. Dada yake aliyemtetea mpaka akagombana na mwanawe, anamsukuma mahakamani hivihivi mchana kweupe!

Mama akamgeukia kaka yake. Halafu akaishusha kanga begani, akaikaza kiunoni.

“Kaka, rudia. Majengo ni ya nani?”

“Ni… ni yako, dada.”

“Yote mawili?”

“Yote.”

“Wewe huna chako humu?”

Mjomba akamwangalia mkaguzi, akaangalia umati, akaona akisema tofauti kesi inamrudia yeye.

“Sina.”

“Mkaguzi umesikia?”

“Nimesikia.”

“Wapangaji mmesikia?”

“Tumesikiaaa!”

Mama akanyoosha mkono, kiganja juu.

“Basi nipe funguo.”

“Dada! Mimi nilikuwa nasema tu kwa ajili ya…”

“Funguo! Kama makosa ni yangu, na majengo ni yangu. Kodi kuanzia leo ni yangu. Nitamtibia mwanangu kwa kodi hiyo, nitabadilisha kila waya kwa kodi hiyo, na mahakamani nitakwenda mwenyewe nikaeleze nani alinisainisha na nani alikuwa anaichomoa hiyo swichi. Au ni yako? Sema sasa, mkaguzi bado yupo!”



Mjomba akaingiza mkono mfukoni. Akatoa funguo. Alizitoa kama anang’olewa jino.

Mama akazipokea, akaja mpaka nilipo, akanishika shavu mbele ya watu. Hakusema samahani. Wamama wa umri wake hawasemi hilo neno, wanakushika tu shavu.

Mahakamani Fundi Tepu alitapika yote. Yeye na Mjomba wakapata walichostahili kwa kuichomoa swichi, mama akaonywa na kuachiwa. Kuyadai majengo Mjomba hawezi, kwa sababu lazima kwanza aape kwamba ni yake, na akiapa hivyo, fidia ya mkono wa Kitinda inamwangukia yeye nzima nzima.

Alituma wazee waombe radhi. Mama akawapa chai. Mimi nikawapa mgongo. Watu wanasema nisamehe, nami nawajibu, vidole viwili vikikunjika nitasamehe. Vikibaki vilivyo, nabaki nilivyo.

Kitinda hasuki tena. Anafundisha. Anakaa kwenye kiti chake na kuwaelekeza wasichana kwa mdomo, mkali kuliko mimi, na kila mmoja lazima abonyeze kitufe cha kupimia cha swichi mpya chini ya ngazi kabla hajagusa bomba la maji.

Wewe unayesoma, usikidharau cheti, lakini usikiamini peke yake. Nenda kwenye boksi la nyumba wanayolala watoto wako, uone ile swichi iko au ni tundu na tepu. Mwombe mwenye nyumba aijaribu mbele yako. Akileta maneno, nenda ofisi ya ukaguzi, ni haki yako wala si fitina. Na ndugu akikuomba sahihi, uliza kwanza unasaini nini, hata kama alikubeba mgongoni.

Mjomba ameniblock kila mahali. Ila najua ana akaunti ya bandia, na najua amesoma mpaka hapa.

Shikamoo, Mjomba.