Kiti cha Ishengoma

Ma Nyakato alidai kwamba aliona kwa macho yake mwenyewe. Alisema siku mitumbwi ya vita ya Bugashani iliporudi kutoka kisiwa cha Ntama, yeye alikuwa amesimama ufukoni, maji yakimfika magotini, akamwona jirani yake Kabyemera amekaa kitini mwa Ishengoma, na Ishengoma mwenyewe amelala chini kwenye maji machafu kama kambare. "Alimvuta miguu akamtupa chini, apate kukaa yeye," alisema. Na kila aliposimulia aliongeza jambo. Mara kulikuwa na kisu, mara Ishengoma alikuwa bado anapumua.

Watu walimwamini, maana ni kweli Kabyemera alikuwa amekaa pale. Lakini jicho la ufukoni halijui ya kilindini.

Enzi hizo bunduki zilikuwa hazijafika katika ziwa lile kubwa. Mukama, ndivyo mfalme wa Bugashani alivyoitwa, alikuwa na mitumbwi thelathini ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mti wa mwale, kila mmoja umepakwa udongo mwekundu na kufungwa pembe za swala mbele. Watu wake wa majini aliwalipa ardhi, na ardhi ilikwenda kwa kiti. Nahodha, anayekaa nyuma kabisa na ngozi ya chui begani, alipewa kilima kizima. Mrusha mkuki wa mbele alipewa bonde lenye chemchemi. Mpiga kafi alipewa kibanja cha migomba, na akifa watoto wake hukirithi. Chini ya hao wote alikuwako mfua maji, anayechuchumaa katikati ya mtumbwi na nusu ya kibuyu, akiyatoa maji yanayopenya kwenye mshono. Naye alipewa kibanja, ila siku akifa mkewe na wanawe huambiwa wakunje mikeka yao waondoke.

Tena ilikuwako sheria ya neno. Neno la chini lilipanda kwa viti. Mfua maji alimwambia mpiga kafi wa kiti kinachofuata, huyo akamwambia wa nyuma yake, hivyo hivyo mpaka kwa nahodha. Nahodha aliyemsikia mfua maji moja kwa moja alihesabiwa amejishusha, na mfua maji aliyepayuka alifukuzwa majini na kibanjani.

Kabyemera alikuwa amefua maji kwa masika tisa. Asubuhi ngoma ya vita ilipolia, mkewe Kemilembe alimfuata mpaka mwisho wa migomba.

"Migomba hii nimeipanda kwa mikono yangu," alisema. "Ukifa leo, nani ataila?"

"Nitarudi, mama."

"Sikuuliza kama utarudi. Nimeuliza kiti."

 Kabyemera akachukua kibuyu chake akashuka ziwani.

Waadui, watu wa Iruga, walikuwa wamekizingira kisiwa cha Ntama siku kumi na mbili. Ndani ya boma kulikuwa na dada yake Mukama, na chakula kilikuwa kimekwisha. Mitumbwi thelathini ikaondoka Bugashani kabla umande haujakauka. Nahodha Rutinwa aliongoza. Nyuma ya Kabyemera, kwenye kiti kinachofuata, alikaa Ishengoma, mtu wa mabega mapana na maneno mengi.

"Kibuyu," alimwita, maana hakupata kumwita kwa jina, "leo ukichoka kufua, kunywa. Lakini usininywee sehemu yangu."

Wapiga kafi wakacheka. Kabyemera akacheka pia, maana asiyecheka huchekwa mara mbili.

"Ishengoma," akasema kwa sauti ya chini, "nipandishie neno kwa nahodha. Siku kiti cha kafi kitakapokuwa wazi, nikumbukwe."

"Kitakuwaje wazi? Unaniombea nife?"

"Nakuomba unisemee tu."

"Haya, nitakusemea. Kesho."

Jua lilipofika utosini walikiona kisiwa. Maji yalikuwa yametulia, na kati yao na mitumbwi ya Iruga kulikuwa na visiwa vidogo vya mafunjo vikielea, kama vile vinavyong'olewa na mvua kwenye mito. Hakuna aliyevijali. Kabyemera tu, ambaye macho yake yalikuwa karibu na maji kuliko ya wote, aliona jambo: upepo mdogo ulikuwa unavuma kutoka kushoto, na mafunjo yale yalikuwa yanakuja kutoka kulia.

Akainamisha kichwa. Chini ya ubao akasikia kitu kikikwaruza. Mara maji, ambayo tangu asubuhi yaliingia kidogo kidogo kama jasho, yakaanza kuingia kama mkojo wa ng'ombe. Akapeleka kidole kwenye mshono. Uzi haukuwa umeoza. Ulikuwa umekatwa.

"Ishengoma! Wapo chini ya mafunjo. Wanakata nyuzi. Pandisha neno!"

"Fua maji, Kibuyu. Ndiyo kazi yako."

"Nakwambia wanakata! Weka mkono wako hapa!"

"Nikiacha kafi nahodha atanikata mimi. Fua!"

Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Kulia kwao mtumbwi mwingine ukainama upande, watu wakapiga kelele. Rutinwa akadhani wamepigwa mishale, akaamuru waongeze mbio. Mbio zile zilikuwa zinawapeleka katikati ya mafunjo.

Hapo Kabyemera alikumbuka mikono ya Kemilembe yenye utomvu wa migomba. Akipayuka, kibanja kimekwenda. Akinyamaza, mtumbwi umekwenda, na kibanja pia. Akasimama, akapayuka kwa nguvu zote:

"Nahodha! Rudi nyuma! Wamejificha chini ya mafunjo!"

Rutinwa alikuwa hatua sita tu kutoka kwake. Shingo yake ilitikisika. Kisha akakaza macho mbele, kama mtu aliyesikia mbwa wa jirani akibweka.

Ishengoma alikuwa ameacha kafi. Maji yalikuwa yamemfikia na yeye, na uso wake haukuwa tena uso wa mzaha. Akamgeukia wa nyuma yake, akajaza kifua, akafungua mdomo apandishe neno. Mshale kutoka mitumbwi ya Iruga ukaingia chini ya kwapa lake. Akaanguka kwa nyuma, kifuani pa Kabyemera, mdomo bado wazi.

Basi Kabyemera akamlaza chini. Hakumtupa, alimlaza, na hapakuwa na mahali pengine. Akapanda kitini, akashika kafi la marehemu, akasema kwa wa nyuma yake, kwa sauti ya mpiga kafi: "Uzi umekatwa. Waadui chini ya mafunjo. Turudi nyuma."

Neno likapanda. Kiti cha pili, cha tatu, cha nne, haraka kama moto kwenye nyasi kavu. Na Rutinwa, aliyekuwa hajasikia, akasikia. Akainua kafi lake jekundu. Mitumbwi ikarudi nyuma, mikuki ikageuzwa na kuchomwa kwenye mafunjo, na maji yakabadilika rangi. Mitumbwi minne ilizama, ishirini na sita ikapona. Alasiri watu wa Iruga walikuwa wanakimbia, na dada yake Mukama alitolewa bomani akiwa hai, amekonda kama ufito.

Walipokaribia nyumbani Kabyemera alitaka kumrudisha Ishengoma kitini, amfunge kwa kamba akae. Rutinwa akamkataza bila kumtazama. "Ngoma ya viti imeshalia ufukoni. Hakuna anayehama."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi. Mtumbwi ukigusa tope, mhesabu viti wa ikulu hupita na fimbo yake. Aliyeonekana kitini, kiti ni chake, awe mzima au maiti. Fimbo ikamgusa Kabyemera begani: mpiga kafi. Ikamgusa Ishengoma kifuani, pale chini: mfua maji.

Jioni hiyo Kemilembe alipika ndizi akaimba. Kabyemera hakugusa chakula.

"Tumepata, baba," mkewe akamwambia. "Mbona huli?"

"Kesho kutwa Kokubanza atakunja mikeka."

Kemilembe akaweka mwiko chini. Kokubanza alikuwa mjane wa Ishengoma, yeye na Kemilembe walichota maji kisima kimoja. Ndizi zikapoa mbele yao.

"Nenda kaseme," alisema mwisho. "Lakini nikikunja mkeka wangu, nitakunja nikikutazama usoni."

Siku ya kugawa ardhi kwa viti, watu walijaa uani kwa Mukama. Kabyemera akapiga magoti. Sasa alikuwa na kiti, aliruhusiwa kusema.

"Waitu, bwana wetu," akasema, "Ishengoma hakuwa mfua maji. Alikufa kitini mwake, na neno langu lilikuwa mdomoni mwake. Mimi ndiye niliyemlaza chini."

"Mnasikia!" Ma Nyakato akadakia kutoka nyuma. "Amekiri!"

Mukama akainua mkono, kukawa kimya. Akamgeukia nahodha. "Rutinwa, ulikuwako. Mfua maji huyu alikuita?"

Rutinwa akarekebisha ngozi ya chui begani. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Waitu, mimi sikusikia sauti ya mfua maji yeyote."

Watu wakaguna. Kabyemera hakumtazama.

"Sitaki kubishana na nahodha wangu," akasema. "Naomba jambo moja. Ishengoma ahesabiwe kitini mwake, mjane wake abaki na migomba yake. Mimi nirudishwe chini kwenye kibuyu changu. Lakini anayekaa chini apewe mdomo, maana maji huanza kwake."

Mukama alimtazama Rutinwa, ambaye bila yeye hakuwa na jeshi la majini. Akamtazama dada yake aliyekonda, ameketi kwenye kigoda kando yake. Kisha akatazama kiko chake kana kwamba kimezimika sasa hivi.

Mlangoni alisimama Kokubanza na mkeka uliokunjwa chini ya kwapa. Hatua mbili kutoka kwake alisimama Kemilembe, naye mikono mitupu, anamtazama mumewe usoni.

Kabyemera alibaki magotini, akingoja.